Mbuzi wa Wizara ya Manufaa

Ipo nchi moja, na msomaji akidhani ni ya kwao, hilo ni lake yeye na dhamiri yake. Mimi nimeambiwa haimo kwenye ramani yoyote, na aliyeniambia ni mtu wa serikali, kwa hiyo ni kweli. Katika nchi hiyo kila kitu kilikuwa na faida. Si kwamba vitu vilizaliwa hivyo. Vilipimwa, vikaandikwa, vikapigwa muhuri. Kiti kilikuwa na Hati ya Manufaa iliyobandikwa chini ya kikalio. Wimbo ulikuwa na ya kwake. Hata mchezo wa rede uliruhusiwa baada tu ya wataalamu kumi na mmoja kuthibitisha kwamba mtoto anayekwepa mpira leo atakwepa maradhi kesho.

Kucheka nako kulikuwa na utaratibu. Mtu akicheka mbele za watu, alitakiwa kabla hajavuta pumzi ya tatu awe ametaja amecheka kwa faida gani. Wengi walisema "Mapafu!" maana ndilo jibu fupi, na waliokuwa karibu wakaitikia, "Na yapanuke!" Wenye elimu walisema "Mzunguko wa damu." Bwana mmoja alichekeshwa na mkwewe, akasahau kutaja, akapelekwa semina ya siku tatu. Alirudi amenyooka, na mkwewe hajamchekesha tena.

Aliyesimamia mambo haya yote alikuwa Waziri wa Manufaa, Mheshimiwa Profesa Makwinya, mtu ambaye hata picha yake ya harusi ilikuwa na uso wa kikao. Wizara yake ilikuwa na ghorofa tisa na lifti moja. Lifti hiyo haikuwahi kupanda, lakini hati yake ilikuwa safi kabisa: inahimiza mazoezi ya miguu.

Ghorofa ya sita ndipo alipokaa Bi Mashavu Kitwana, Mkaguzi wa Tovuti. Kazi yake ilikuwa kufungua kila tovuti mpya, kukaa nayo saa moja kamili kama kanuni inavyotaka, kutafuta faida yake na kuiandika. Faida isipopatikana ndani ya siku saba, tovuti inazimwa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amezima tovuti elfu tatu na ushei, na hakuna hata moja iliyomkosesha usingizi.

Alikuwa mjane. Mumewe, marehemu Bwana Faraji, ndiye aliyekuwa akimchekesha, nyumbani, mlango umefungwa, bila ya mtu kutaja mapafu. Tangu azikwe ilikuwa imepita miaka minne, na Bi Mashavu hakuwa amecheka tena. Ofisini walidhani ni bidii. Miaka yote minne alipewa cheti cha mfanyakazi bora, akakiweka kabatini pamoja na nguo za msiba.

*

Jumatatu moja aliletewa jalada jembamba. Kwa kawaida majalada ya tovuti yalikuja manene, maana kila mwenye tovuti alijaza kurasa kueleza jinsi itakavyolikomboa taifa. Hili lilikuwa na karatasi moja. Jina la tovuti: Mbuzi. Mwenyewe: Mbaruku Shomvi, fundi wa friji, mtaa wa Mwembeni. Na mahali pa kujaza faida, fundi huyo alikuwa ameandika kwa mwandiko wa kulala: "Hakuna. Lakini njoo uone."

Bi Mashavu alichukua kalamu nyekundu. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kuona mtu aliyejihukumu mwenyewe kirahisi namna ile. Hata hivyo kanuni ni kanuni, na saa moja ni saa moja. Akafungua.

Kwenye kioo alitokea mbuzi. Alikuwa mbuzi wa kawaida, mweupe, mwenye ndevu, amevaa pama kubwa kama la mabwana shamba wa zamani. Hakufanya kitu. Alitafuna. Bi Mashavu akambonyeza puani.

Mbuzi akakunja uso. Akavuta pumzi, akavuta tena, akafumba jicho moja, akangoja, ukadhani ameghairi. Kisha akapiga chafya moja ya kishindo, pama likaruka juu, likazunguka, likatua kwenye pembe moja likiwa kichwa chini. Mbuzi akamtazama Bi Mashavu kwa lawama, kana kwamba ni yeye aliyekuwa na mafua.

Kitu kikamtoka Bi Mashavu. Kwanza alidhani ni kwikwi. Akabonyeza tena kuhakikisha. Safari hii mbuzi alijizuia, akafaulu, akajisifu kwa kichwa, na hapo hapo chafya ikamponyoka kwa nyuma. Bi Mashavu akapiga meza kwa kiganja. Kile kitu kikatoka tena, kikubwa zaidi, na hakukuwa na njia ya kukiita kwikwi.

"Bi Mashavu, kulikoni?" aliuliza Bwana Chande, mkaguzi mwenzake wa meza ya jirani.

"Ma... mapafu!"

"Na yapanuke," akaitikia Chande bila kuinua kichwa, akaandika saa na dakika kwenye daftari, maana vicheko vya ofisini viliandikwa.

Chini ya mbuzi palikuwa na maandishi madogo: "Ukimchoka, pita kwenye kandambili." Bi Mashavu hakuwa amemchoka, lakini akapita. Akakuta mlango wa nyumba yenye shughuli, na nje yake kandambili jozi arobaini zimetupwa ovyo. Kazi yako ilikuwa kuzipanga, ya kulia na ya kushoto, kubwa kwa kubwa. Alizipanga kwa moyo wote. Alipomaliza, mlango ukafunguka, wageni wakatoka mbiombio, kila mmoja akavaa zisizo zake, na wa mwisho, bwana mnene mwenye kanzu, akabakiwa na mbili za kushoto. Alizitazama, akazivaa, akaenda zake akipinda upande mmoja.

Kutoka hapo alielekezwa kwenye birika. Lilikuwa birika juu ya jiko, na chini yake neno moja: "Bado." Alilikodolea macho dakika kumi na mbili. Likaandika "Karibu." Moyo ukamdunda. Kisha likaandika "Bado." Baada ya birika palikuwa na ukurasa mtupu uliouliza, "Umesahau kitu?" Alipobonyeza "Ndiyo," ulimjibu, "Mimi pia."

Siku hiyo Bi Mashavu aliteremka ghorofa sita bila kuzihesabu. Alinunua kachori mbili, akazila njiani amesimama, kitu ambacho hakukifanya tangu usichana. Hakuwa amesahau kwamba Faraji amekufa, ila kwa mara ya kwanza alimkumbuka bila kifua kumbana, akasema moyoni, "Laiti ungemwona yule mbuzi, mwanamume wewe."

*

Jumanne alimwangalia tena mbuzi, akajiambia ni ukaguzi. Jumatano vile vile. Alhamisi alikagua kwa muda mrefu kiasi kwamba chai ilipoa na Chande akaishiwa nafasi kwenye daftari. Ijumaa ndipo alipohesabu siku kwa vidole, akashtuka. Jumatatu, saa nne asubuhi, zingetimia siku saba. Bila faida, mbuzi angezimwa, na sahihi ya kumzima ingekuwa yake yeye.

Alikaa kutafuta faida kwa haki. Mazoezi ya kidole? Hayo yalikuwa yameshasajiliwa na Tume ya Uchaguzi. Upendo kwa mifugo? Ulimilikiwa na wizara nyingine, na wizara ile haikuazimisha. Alijaribu kuandika "Inafurahisha," lakini furaha ilikuwa haimo kwenye orodha ya manufaa. Iliwahi kuwamo, ikaondolewa kwa kukosa kipimo.

Jumatatu, saa nne kasoro dakika sita, kwa mkono uliotulia uliokwisha kuzima tovuti elfu tatu, Bi Mashavu Kitwana aliandika uongo wake wa kwanza wa kiserikali: "Tovuti hii inawafunza wananchi hatari ya kupiga chafya bila kufunika pua." Akagonga muhuri. Mbuzi akapona.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hao hawakuwahi kufanya kazi wizarani. Njia ya uongo huu ilikuwa ndefu, na ilipanda ngazi. Ghorofa ya saba ulimkuta Mkurugenzi Sembuli, ambaye alikuwa na miezi miwili hajapata la kuripoti. Aliisoma ile sentensi, akaisoma tena, akavaa koti.

"Bi Mashavu," alisema akihema mlangoni, "kwa nini ulilificha jambo zito namna hii kwenye jalada jembamba?"

"Sikulificha, bwana mkubwa. Ni mbuzi tu."

"Ni mbuzi tu!" Sembuli alitikisa kichwa kwa huruma. "Ndiyo maana wewe uko ghorofa ya sita."

Wiki ya pili Profesa Makwinya alihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "mataifa makubwa yana makombora. Sisi tuna mbuzi. Taifa lisilopiga chafya kwa mpangilio ni taifa litakalopigwa chafya na historia." Watu walipiga makofi, maana makofi yalikuwa na hati. Hapo hapo akazindua Mpango wa Taifa wa Chafya Salama, na akaunda Kamati ya Kumboresha Mbuzi, wajumbe ishirini na saba. Alikuwemo daktari mmoja wa mifugo, lakini akaondolewa kwa kuwa alikuwa na maslahi, na nafasi yake ikajazwa.

Fundi Mbaruku aliitwa mbele ya kamati kueleza makusudio yake. Alikuja na suruali yenye grisi, akakalishwa kwenye kiti kirefu kilichomwacha miguu inaning'inia. Bi Mashavu alikuwa pembeni akiandika kumbukumbu.

"Fundi," aliuliza Profesa, "ulimtengeneza mbuzi kwa lengo gani?"

"Mvua ilikuwa inanyesha, mheshimiwa."

"Nimeuliza lengo."

"Ilinyesha sana."

Kamati iliandika barua Idara ya Hali ya Hewa kuthibitisha madai hayo, na idara ikajibu kwamba siku iliyotajwa mvua haikutabiriwa, kwa hiyo haikunyesha. Jambo likaachwa wazi. Fundi alipewa cheti cha Mwasisi wa Chafya Salama na kuonywa asimguse mbuzi tena, kwa kuwa sasa ni mali ya umma.

Mlangoni fundi alimsimamisha Bi Mashavu. "Samahani mama, ni wewe uliyeandika ile habari ya pua?"

"Ni mimi."

"Wameniambia ungekaa kimya, mbuzi angezimwa. Umemwokoa. Ahsante sana, mama yangu."

Bi Mashavu alipokea shukrani hiyo kwa haya, na kwa siku chache aliamini ni halali yake.

*

Kisha mbuzi akaboreshwa. Pama liliondolewa kwa kuwa lilionekana la kikoloni, akavishwa kofia ya wizara. Kwa kuwa alikuwa mwalimu wa kufunika pua, haikufaa aonekane na pua wazi, akavalishwa barakoa. Kabla ya chafya alitoa nasaha za dakika nne kwa sauti ya Profesa Makwinya. Kabla ya nasaha ulijaza namba ya kitambulisho, jina la baba na kata unayoishi. Baada ya chafya yalifuata maswali matano, na ukikosea mawili unaanza upya na jina la baba.

Zile kandambili zilifutwa kwa kuwa zilionyesha taifa likikosea viatu. Ukurasa uliosahau ulipelekwa Idara ya Nyaraka, na hawajui waliuweka wapi. Birika lilihamishiwa shirika la umeme la nchi hiyo, likabadilishwa jibu, badala ya "Bado," likawa linasema "Hivi karibuni."

Na kila mwananchi aliyetimiza miaka saba akapangiwa chafya kumi na tano kwa siku. Makatibu kata walipita nyumba kwa nyumba wakikagua. Bi Nunuu, jirani yake Bi Mashavu, alitokeza kichwa juu ya ukuta ameshika simu mkono mmoja na mwiko mkono wa pili.

"Mashavu! Mbuzi wako huyo shoga yangu, Mungu anamwona! Nina chafya sita bado, na wali unaungua."

"Mwache kidogo, uupakue wali."

"Nimwache? Nikimwacha anaanza tena na nasaha!" Kisha akainamia simu, akafoka, "Piga basi, mshenzi wewe!" Nyumba ya tatu alisikika mzee akiomba cheti cha daktari kwa kuvimba kidole. Mtaa mzima ulimchukia mbuzi, na ulimchukia kwa zamu, asubuhi na jioni, kwa saini.

Jumapili Bi Mashavu alijifungia ndani, akajaza kitambulisho chake, jina la baba na kata. Akasikiliza nasaha zote. Mwishoni kabisa, nyuma ya barakoa, kilisikika kitu kama mtu anayekohoa kwa adabu mbele ya mkwewe. Hakuna kilichoruka. Mbuzi hakumtazama, alitazama mbele, kama wanavyotazama watu waliopangwa kwa picha ya pamoja.

Akalia. Hakulia kwa ajili ya mchoro, alijua; alilia kwa sababu kilikuwa kitu kimoja tu kilichomfungua kifua baada ya miaka minne, na mkono uliokiharibu ulikuwa wa kwake. "Ningemwacha azimwe," alisema peke yake chumbani, "angekufa mbuzi. Mimi nimemfanya afisa."

Asubuhi iliyofuata alimwandikia Waziri barua ya mistari mitatu. Alijua adhabu yake. Kughushi manufaa lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi, na jina la mkosaji kusomwa redioni. Chande aliisoma barua akiwa nyuma ya bega lake, akanyong'onyea.

"Bi Mashavu, usijitie kitanzi. Mbuzi ameshakwenda huyo. Wewe una kazi."

"Kazi ninayo, Chande," alisema akiramba bahasha. "Ndiyo iliyomuua."

*

Kamati ilikutana yote ishirini na saba. Bi Mashavu alivaa baibui jipya, akasimama.

"Nilidanganya, mheshimiwa," alisema. "Mbuzi hafunzi kitu. Hana faida. Hana hata moja."

Mkurugenzi Sembuli alijitosa. "Takwimu zinaonyesha chafya zimepungua kwa asilimia arobaini."

"Zimepungua kwa sababu mafua yameisha, bwana mkubwa. Sasa ni kiangazi."

"Kiangazi hakimo kwenye mpango," alisema Sembuli.

Profesa Makwinya aliinua mkono, na sauti yake ilikuwa ya upole, upole ule wa mtu mwenye mamlaka ya kutosha. "Bi Mashavu, tufikirie pamoja. Mpango wa taifa hauwezi kukosa faida. Ukikosa, basi sisi watu wazima ishirini na saba tulikuwa tunafanya nini humu miezi yote hii?"

"Swali hilo sikuliandika kwenye barua, mheshimiwa."

Mjumbe mmoja aliguna kicheko, akatahayari. "Mzunguko wa damu," alinong'ona, na wawili wakamwitikia.

"Tutakufukuza kazi kwa kughushi," aliendelea Profesa, "kwa kuwa umekiri. Lakini mbuzi ataendelea kuwa na faida, kwa kuwa sisi hatujakiri. Nadhani ni haki."

Hapo ndipo Bi Mashavu alipoona kosa lake. Alikuwa amekuja kutoa kichwa chake ili mbuzi apone, na walikuwa wanachukua kichwa na kubaki na mbuzi. Hasira zikampanda, na pamoja na hasira akapandwa na akili. Baba yake aliwahi kuwa mkaguzi wa mizani sokoni, na neno la baba yake likamjia ulimini.

"Nitaondoka, mheshimiwa. Naomba kuuliza la mwisho. Mizani za sokoni hupimwa kwa kitu gani?"

"Kwa jiwe la kilo," alisema Profesa.

"Na jiwe hilo linajulikanaje kuwa ni kilo?"

"Lipo moja la asili, limefungiwa kabatini, haliguswi."

"Vizuri. Wizara hii inapima manufaa ya kila kitu, tangu viti hadi vicheko. Jiwe lenu liko wapi? Mtajuaje hiki kina manufaa, ikiwa nchi nzima haina hata kitu kimoja kisicho nayo cha kulinganishia?"

Wajumbe walianza kunong'onezana, na minong'ono ikapanda. Mmoja alifungua kitabu cha kanuni, akakifunga. Profesa Makwinya alibadilika rangi. Alikuwa ameongoza wizara miaka tisa bila jiwe.

"Majirani zetu," aliuliza taratibu, "wanacho kitu kama hicho?"

"Nasikia wanatafuta," alisema Bi Mashavu. Huo ulikuwa uongo wake wa pili wa kiserikali, na ulimtoka laini kuliko wa kwanza.

Kabla ya adhuhuri azimio lilikuwa limepita. Mbuzi alitangazwa kuwa Kielelezo cha Taifa cha Kutokuwa na Faida, cha kwanza katika ukanda wote. Arudishwe vile vile alivyotoka mikononi mwa fundi, pama likiwemo. Asiongezwe kitu, asipunguzwe, asihutubie. Mpango wa Chafya Salama ulitangazwa kuwa umefanikiwa kwa asilimia mia moja na sita, na kwa hiyo ukafutwa. Bi Nunuu alisikia habari hiyo jikoni, akapiga vigelegele, hakutaja faida yake, na katibu kata aliyekuwa anapita akajifanya hakusikia.

Lakini jiwe la kilo haliguswi na kila mtu. Kumbonyeza mbuzi sasa kulihitaji Kibali cha Kujipima, nacho walipewa wakurugenzi kwenda juu, ili wasipoteze uwezo wa kutambua kisicho na faida. Walilichukulia jukumu hilo kwa uzito mkubwa. Profesa alijipima kila siku saa nne, mlango umefungwa, na waliopita ukumbini walisikia chafya, kisha kimya, kisha mtu mzima mwenye shahada tatu akisema, "Tena." Sembuli aligundua kwamba yeye hupungukiwa kipimo baada ya chakula cha mchana.

Bi Mashavu alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Jina lake lilisomwa redioni baada ya taarifa ya mgawo wa maji. Aliteremka ngazi na chupa yake ya chai. Alipofika nyumbani alifungua kompyuta, akaandika jina la tovuti. Kiooni alitokea askari, mkono mbele: "Huna kibali."

Alikaa akimtazama yule askari. Mbuzi alikuwa mzima, ana pama lake, anapiga chafya zake, na wanaocheka ni wale wale waliomvalisha barakoa.

*

Kesho yake alikwenda Mwembeni kuomba radhi. Aliona hilo ndilo deni lake. Alimkuta Fundi Mbaruku amepiga magoti mbele ya friji lililofunguliwa matumbo.

"Hodi hapa."

"Karibu! Shikamoo mama."

"Marahaba. Usiinuke, baba, endelea na kazi yako. Mimi nimekuja kukuomba msamaha."

"Msamaha wa nini tena?"

Bi Mashavu alikuwa amejiandaa njia nzima. "Ulinishukuru pale wizarani, nami nikapokea. Sikustahili. Ule uongo wangu ndio uliomvisha barakoa. Kisha nikajaribu kumtoa, nikamtoa, wakamfungia. Wewe mwenyewe leo huwezi kumwona. Mimi siwezi. Watu waliomtukana kwa chafya za lazima hawatajua kamwe alikuwaje. Nimekupotezea mbuzi mara mbili, mwanangu, na sina cha kukulipa."

Mbaruku alikuna kichwa kwa bisibisi. Alionekana anatafuta kitu cha heshima cha kusema.

"Mbuzi yupi, mama?"

"Mbuzi wako! Yule wa chafya!"

"Aah, yule!" Uso ukamkunjuka. "Mama, yule nilishamsahau. Siku hizi nina bata."

Akajifuta mikono, akasogeza kompyuta iliyokuwa juu ya friji bovu, akamvutia Bi Mashavu ndoo aikalie. Kwenye kioo alitokea bata, mnene, mwenye haraka ya mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Alivuka kioo kwa mwendo wa fahari. Akafika ukingoni, akasimama. Akakumbuka kitu. Akageuka, akarudi alikotoka kwa mwendo ule ule.

Bi Mashavu alifungua kinywa. Miaka ishirini na miwili ya kazi ilikuwa imesimama hapo kooni, na yote ilikuwa swali moja. Akakifunga kinywa, akanyoosha kidole, akambonyeza bata mgongoni. Bata akakimbia hatua mbili, kisha akasimama na kutembea polepole, kuonyesha kwamba hakukimbia kwa kuambiwa.

Alicheka. Alicheka akashika friji, mtandio ukamteleza, machozi yakamtoka, akabonyeza tena, na bata akamdharau tena. Mafundi wa kibanda cha pili walikuja kuchungulia kuna nini. Mbaruku alikuwa anacheka naye, mpaka ghafla akakumbuka anacheka na nani. Akajisogeza mbele ya kioo, mikono imetanda.

"Mama, huyu hutampeleka wizarani?"

"Nani, mimi?" Bi Mashavu alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mimi nimefukuzwa kazi, baba!" alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba binti yake amechumbiwa. "Hebu sogea kidogo, unanizibia bata."